UKOO WA UJIJI 💐 (kikundi cha familia)

Mama Mkubwa: Asalaam aleikum wanangu. Orodha ya sendofu ya Zuhura nimeshapanga. Rehema upo jikoni, pilau. Ijumaa jioni muwe mmefika mchele uchambuliwe

Anko Sadi: Waaleikum salaam. Dada, Rehema na jikoni tena??

Mama Mkubwa: Si vidonge vya saratani ya damu kamaliza tangu Ramadhani na hospitali ya Bugando wamesema damu safi. Juzi tu nimemuona Kibirizi kabeba ndoo ya dagaa

Rehema: Shikamoo ma mkubwa. Nilibeba ndio ila hukuona nilivyorudi, nimelala na baibui langu mpaka magharibi. Ngoja niseme tu maana kila anayekuja ni umepona mashallah umenenepa, na mimi naitikia. Damu safi kweli ila mwili haujarudi, huu uchovu sio wa kulala ukaamka freshi, naamka nimechoka. Halafu nyayo zina ganzi, jana natoka uani nafika sebuleni ndo Shaibu ananiambia dada ndala moja umeiacha mlangoni, sijasikia kabisa! Sasa mkiniweka kwenye kuni na masufuria nitakanyaga kaa la moto nisijue

Zuhura: 😳 da Rehe mbona hukusema

Rehema: Nikisema mnaanza kulia

Bibi: 🎤 2:14

Anko Sadi: Kwa wasio na bando, bibi anasema kuna mizizi ya Kasulu ya kuchemsha inaondoa ganzi na kuongeza damu

Mwajuma Tabora: Shikamoo bibi. Mizizi isubiri kwanza, aulize kliniki, ini lake limepitishwa dawa kali muda mrefu tusiliongezee kazi. Hiyo ganzi imeletwa na moja ya zile dripu, inagusa mishipa ya fahamu, inaondoka polepole, miezi, wengine mwaka na zaidi. Mimi kilichonitisha ni ile homa ya juzi mkampa panadol na dawa ya mseto mkamfunika blanketi

Mama Mkubwa: Malaria hiyo. Kigoma hapa nani haumwi

Mwajuma Tabora: Ma mkubwa malaria apimwe, sikatai, ila kwake homa haisubiri asubuhi. Kinga haijakaa sawa bado. Joto likisoma 38 ni hospitali saa hiyo hiyo hata iwe saa nane usiku, wapime malaria NA waangalie chembe nyeupe za damu, zile za kinga, zikiwa chini bakteria anaweza kummaliza ndani ya masaa. Panadol inashusha joto mnaona kapoa kumbe ndani kunazidi kuharibika. Na mkifika msiseme ana homa tu, semeni huyu katoka kwenye matibabu ya saratani ya damu

Anko Sadi: Kipimajoto nanunua leo hapo Mwanga

Zuhura: Da Rehe na usingizi je, mama anasema taa yako inawaka usiku

Rehema: Ni tochi ya simu. Nikijigonga meza nikapata alama basi usiku najikagua miguu yote kama kuna nyingine, maana ndivyo ugonjwa ulivyoanza mwanzo mnakumbuka. Tarehe ya kliniki ikikaribia ndo mbaya kabisa hata chakula hakipiti

Mwajuma Tabora: Wengi wako hivyo mdogo wangu, hujarukwa na akili. Ugonjwa ukirudi mara nyingi unarudi miaka ya mwanzo mwanzo, ndo maana wanakuita karibu karibu, baadae wanaachanisha. Alama ya kujigonga ni alama ya kujigonga. Zikija nyingi bila kujigonga au fizi zikatoa damu, usisubiri tarehe, nipigie twende

Rehema: Sawa da Mwaju 🙏🏾

Mama Mkubwa: Haya nimebadilisha. Rehema mlangoni kupokea zawadi, nampa kile kiti changu chenye mto. Pilau Mama Shaibu

Rehema: Asante ma mkubwa. Ila masaa mawili tu, na mgeni mwenye mafua asinishike mkono amshike Anko Sadi

Anko Sadi: Mimi tena 😂😂

Mama Mkubwa: Ndio wewe. Na mchango wako hatujauona