Waliolala lodge za msituni za kufikiwa kwa boti, tupeane uzoefu

Mtu wa Kibokoni:
Salaam aleikum jamaa. Mdogo wangu anasoma Malaysia, twataka kwenda kumtembelea, naye ameshikilia tulale Taman Negara, ndani ya msitu wa mvua, kwa boti ya mtoni. Safarini kuna mama, na magoti yake si mazima. Boti haitutishi, sisi tumekulia kwenye feri ya Likoni. Nataka yale ambayo matangazo hayasemi: usiku kukoje, wadudu je, na mama atayaweza? Hata kama wewe ulilala msitu wa nchi nyingine, mwaga tu.

Mwanachuo wa zamani:
Nimesoma huko na tumeenda na wenzangu likizo. Usifananishe na feri, yakhe. Boti zatoka Kuala Tembeling kupandisha mto hadi Kuala Tahan, kijiji cha kuingilia hifadhi, mwendo wa kama saa tatu hivi. Ni za mbao, ndefu na nyembamba, wakaa chini kabisa miguu umeinyoosha mbele. Mama mwenye magoti mabovu akikaa hivyo saa tatu, kuinuka itakuwa kazi ya watu wawili. Lakini siku hizi barabara yafika Kuala Tahan kupitia mji wa Jerantut. Yeye mtieni garini, nyinyi pandeni boti, mkutane huko.

Kabla ya kulipa, uliza lodge iko ng'ambo ipi. Kijiji kiko upande mmoja wa mto, hifadhi upande wa pili, na mwavuka kwa kiboti kwa nauli ndogo. Upande wa hifadhi, ukishuka gatini kuna ngazi, tena si za mchezo. Kwenye picha hutaziona. Mimi ningemlaza mama upande wa kijiji.

Chakula kisikusumbue. Kando ya mto kuna mikahawa inayoelea, halali tupu, na asubuhi utapata nasi lemak: wali wa nazi, dagaa na pilipili. Mama atakosoa nazi, lakini atakula.

Sasa ruba. Mvua ikinyesha wanatoka majanini, wanapanda kiatu, wanatafuta nyama. Hutasikia maumivu, utaona damu tu kwenye soksi, nayo huchukua muda kukatika kwa sababu mdudu ametia kitu kinachozuia isigande. Usimvute kwa pupa, mpenyezee ukucha pale alipong'ata mpaka aachie. Vaa soksi ndefu, suruali iingie ndani ya soksi. Utaonekana kituko, na kila mtu huko ni kituko. Na nguo ukifua hazikauki, usijisumbue.

Novemba hadi Januari msiende, mvua ni kubwa na mto hujaa. Kiangazi kikikaza nako, boti hukwaruza changarawe na abiria mnaambiwa mshuke mtembee ufukoni.

Sheikh wa Majengo:
Kwani Kakamega si msitu wa mvua? Si karibu, na pasipoti huhitaji?

Mtu wa Kibokoni:
Mto wa kupanda boti uko wapi huko, sheikh? Mdogo wangu ataka boti.

Baharia wa Kilindini:
Mimi ni Manaus, Brazil, takriban kilomita 1,500 kutoka baharini, na meli kubwa zafika. Tulishuka zamu, ndege zikachelewa, wakala akatupeleka kulala lodge inayoelea kwenye mto Rio Negro. Maji rangi ya chai kavu, na mbu nilihesabu wachache kuliko chumbani kwangu Changamwe. Walituambia yale maji yana asidi, mbu hawazaani vizuri. Chini ya Manaus ule mto mweusi wakutana na Solimões wenye maji ya tope, na kwa kilomita kadhaa yaenda sambamba bila kuchanganyika. Nimepita bahari nyingi, hilo nilisimama nikalitazama.

Ila usiku! Vyura, nyenze, na kitu kikubwa kinapiga maji chini ya sakafu. Jenereta lazimwa, giza ni giza. Beba tochi ya kichwani.

Na kule mto hupanda na kushuka zaidi ya mita kumi kwa mwaka. Ukame wa 2023, halafu 2024, ulivunja rekodi za vipimo vilivyoanza 1902, boti zikakwama mchangani. Kwa hivyo uliza mwezi kwanza, bei baadaye.

Dada wa Tudor:
Mimi sikutoka Kenya. Kambi ya mikokoni, delta ya Tana. Walituambia boti dakika chache, tukafika maji yamekupwa, tukakaa juani mpaka yajae. Watu wa pwani hawajui kusoma maji? Jaketi okozi zilikuwa nusu ya abiria. Viboko tuliwaona, hilo sikatai. Lakini choo kilikuwa mbali na hema, nami usiku sikutoka.

Mwanachuo wa zamani:
Nimesahau: chanjo ya homa ya manjano. Malaysia wataka cheti kwa anayetoka Kenya, na huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano. Ikiwa mama ana umri mkubwa, aongee na daktari kwanza, asidungwe tu.

Mtu wa Kibokoni:
Ahsanteni. Mama nimemsomea: ngazi hataki, ruba hataki, wali ataka. Kutoka Jerantut kuna gari la abiria au twakodi?

Mwanachuo wa zamani:
Basi lipo, lakini laenda kwa saa zake. Na mama, kodini teksi, mumkalishe mbele.