Kupanga upya mtaala wa uhandisi wa miaka minne: tuanzie wapi, na tuondoe nini?

Katibu wa Kamati

Wanajukwaa, habari za kazi. Idara yetu ya uhandisi wa mitambo imepewa jukumu la kupitia upya mtaala wa shahada ya kwanza ya miaka minne, nami ni katibu wa kamati inayoshughulikia kazi hiyo. Mtaala uliopo una sura ambayo wengi wenu mnaijua: miaka miwili ya mwanzo imejaa hisabati, fizikia na kemia, mwaka wa tatu ndipo mwanafunzi anapokutana na thamodinamiki (sayansi ya joto na nishati), uimara wa vifaa na usanifu wa mashine, mwaka wa nne anapewa mradi mmoja mkubwa, ambao kwa wengi ni wa kwanza na wa mwisho. Wanaoacha masomo huacha zaidi katika mwaka wa kwanza, kabla hawajaona mhandisi hufanya kazi gani hasa.

Katika kikao cha kwanza kila mjumbe alikuja na somo analotaka liongezwe: akili mnemba, mazingira, ujasiriamali, usimamizi wa miradi. Hakuna aliyekuja na somo la kuondoa. Naomba ushauri wa waliowahi kuifanya kazi hii: mtaala wa namna hii huanza kupangwa kutokea wapi, na ni kwa kigezo gani mtu anathubutu kusema somo fulani litoke? Aidha, je, sehemu ya mzigo huu haikupaswa kubebwa na shule za sekondari kabla mwanafunzi hajafika kwetu?

Mpanga Mitaala

Ndugu Katibu, swali la nini kiondolewe halijibiki mpaka lile la mwanzo lijibiwe, na lile la mwanzo hujibiwa kwa kuanzia mwishoni. Kabla hamjafungua orodha ya masomo, andikeni kwa sentensi chache mhitimu wenu ataweza kufanya nini, tena kwa vitenzi vinavyopimika. "Ataelewa thamodinamiki" haipimiki. "Atachagua pampu inayoufaa mfumo aliopewa na kuutetea uchaguzi wake kwa hesabu na kwa gharama" inapimika, na papo hapo inawaonyesha ni mada zipi zinahitajika na kwa kina gani.

Kisha amueni mnamwandaa nani. Makubaliano ya Washington ya kutambuana shahada za uhandisi, yaliyotiwa saini mwaka 1989 na asasi za ithibati, yaani zinazothibitisha ubora wa programu za vyuo, za Marekani, Kanada, Uingereza, Ayalandi, Australia na Nyuzilandi, yanamhusu mhandisi anayekabili matatizo changamani, yaani yale yasiyo na jibu moja la kitabuni na ambayo matakwa yake hugongana. Makubaliano ya Sydney ya mwaka 2001 yanamhusu mtekinolojia, aliye kati ya mhandisi na fundi sanifu, na yale ya Dublin ya mwaka 2002 yanamhusu fundi sanifu, ambaye matatizo yake huwa yamekwisha kubainishwa vizuri. Hakuna aliye duni kati ya hao watatu, ila hawaandaliwi kwa mtaala mmoja. Mitaala mingi niliyoipitia huahidi mhandisi kwenye ukurasa wa kwanza, kisha ukifungua mitihani unakuta maswali yote yametoa data zote, yametaja kanuni ya kutumia, na yana jibu moja tu. Huo ni mtihani wa kumpima mtu mwingine.

Matokeo mnayoyataka yakishaandikwa, chora jedwali: safu za kulala ni matokeo, safu za kusimama ni masomo, na katika kila kisanduku mwandike kama stadi hiyo inaanzishwa, inakuzwa au inapimwa katika somo hilo. Hapa pana mtego. Mkiwaachia wahadhiri wajaze wenyewe, kila mmoja atadai kwamba somo lake linakuza mawasiliano, maadili na kazi ya pamoja, na jedwali litajaa alama kama karatasi ya mahudhurio. Dawa yake ni kumtaka kila anayeandika "inapimwa" alete swali la mtihani au kazi halisi aliyoitoa, pamoja na mwongozo wake wa usahihishaji. Visanduku vingi hufutika siku hiyohiyo. Masomo yanayobaki bila kisanduku chochote, au yanayorudia kile ambacho somo jingine linakipima vizuri zaidi, ndiyo ya kwanza kujadiliwa kuondolewa.

Kuhusu ongezeko, pimeni kwa saa za mwanafunzi na si kwa saa za mhadhiri. Katika mfumo wa krediti wa Ulaya, mwaka mmoja ni krediti 60 na krediti moja ni saa 25 hadi 30 za kazi yote ya mwanafunzi, yaani mihadhara, maabara, kusoma na kujiandaa kwa mitihani. Kwa hiyo mwaka mzima hauzidi saa 1800, na somo la krediti 5 linakula saa 125 kwa uchache. Anayetaka somo la akili mnemba na aseme saa hizo 125 zinatoka wapi. Mara nyingi atakubali kwamba kinachohitajika ni mada tatu ndani ya somo la takwimu na mazoezi mawili ndani ya maabara ya vipimo. ABET, chombo cha ithibati cha Marekani, kilipohama kutoka kuhesabu saa za mafundisho kwenda kuuliza mhitimu anaweza nini, kwa vigezo vilivyojulikana kama EC2000, kilianza na matokeo 11. Marekebisho yaliyoanza kutumika katika mzunguko wa 2019–2020 yameyafanya kuwa 7. Orodha ya namna hii kufupishwa si aibu.

Kuhusu mwaka wa kwanza, tazameni walichofanya Chuo Kikuu cha Wright State, Marekani, kuanzia mwaka 2004. Walianzisha somo moja la hisabati la mwaka wa kwanza linalofundishwa na wahandisi, lenye mada zile tu zinazotumika kweli katika masomo ya mwanzo ya uhandisi, kila moja ikitokana na tatizo. Trigonometria, kwa mfano, inaingia kupitia mkono wa roboti wenye kiungo kimoja, kisha viungo viwili: ukijua urefu wa vipande na pembe za viungo, ncha ya mkono iko wapi? Na ukitaka ncha ifike mahali fulani, pembe ziwe ngapi? Swali la pili lina majibu mawili, kiwiko juu na kiwiko chini, na hapo mwanafunzi wa wiki za mwanzo amekwishakutana na uamuzi wa kiusanifu. Aliyefaulu somo hilo anaruhusiwa kuendelea na masomo ya uhandisi hata kabla hajamaliza mfululizo wa kalkulasi, yaani hisabati ya mabadiliko na ulimbikizaji.

Mhadhiri wa Hisabati

Nimesoma maelezo ya Mpanga Mitaala kwa makini, na mengi nakubaliana nayo, lakini naomba tusiuhukumu mpangilio wa "sayansi kwanza" kana kwamba uliletwa na uzembe. Kabla ya katikati ya karne iliyopita, mitaala mingi ya uhandisi nchini Marekani ilijaa michoro na karakana. Vita Kuu ya Pili ilipoleta teknolojia kama rada, ilionekana wazi kwamba wahandisi wengi walipungukiwa na misingi ya kuzishika, na ripoti ya mwaka 1955 ya kamati iliyoongozwa na L. E. Grinter ikasukuma vyuo kuelekea hisabati na sayansi za uhandisi. Karakana ilipunguzwa kwa sababu ilikuwa inafundisha mashine za leo kwa mtu atakayefanya kazi miaka arobaini.

Hofu yangu ni kwamba hisabati inayofundishwa "pale inapohitajika tu" humfikisha mwanafunzi mwaka wa tatu akiwa na vipande visivyoshikana. Anaweza kukokotoa pembe za roboti, lakini akikutana na milinganyo ya mtiririko wa maji na hewa, au na programu ya kompyuta inayogawanya umbo katika vipande vidogo na kutatua maelfu ya milinganyo kwa pamoja, hana njia ya kujua kama jibu lililotoka ni la kweli au ni picha ya rangi nzuri tu. Programu hizo hazikatai kutoa jibu. Anayezitumia ndiye anayepaswa kulikataa.

Mpanga Mitaala

Mwalimu, hofu yako ni ya haki, na ndiyo maana Wright State hawakufuta kalkulasi. Kilichobadilika ni masharti ya awali na mfuatano. Mwanafunzi anaisoma kalkulasi yote, ila anaisoma akijua anaidai nini. Ningependekeza mkae pamoja na wenzako wa uhandisi mkubaliane dhana chache ambazo hazitaguswa hata mtaala ukibanwa vipi: ukomo, mabadiliko, ulimbikizaji, na ukadiriaji wa makosa ya hesabu. Hiyo ya mwisho ndiyo inayojibu suala lako la programu, na ajabu ni kwamba katika mitaala mingi ndiyo inayoachwa kwa kisingizio cha muda.

Mhandisi Kazini

Naandika kwa upande wa wanaowapokea wahitimu hawa. Hesabu wanazo. Wanachokosa ni kusoma mchoro wa kiwandani na kujua kwamba kipimo kikiandikwa milimita 40 bila kutajwa kiasi kinachoruhusiwa kuzidi au kupungua, fundi hajaambiwa kitu. Hawajawahi kusanifu kitu ambacho mtu mwingine amelazimika kukitengeneza, kwa hiyo huchora tundu mahali ambapo keekee haifiki. Mradi mmoja wa mwaka wa nne hauwezi kurekebisha hilo, kwa sababu kosa likigunduliwa hakuna mradi wa pili wa kulisahihishia. Chuo Kikuu cha Aalborg, Denmark, tangu kilipoanzishwa mwaka 1974 kimejenga masomo yake juu ya miradi ya vikundi inayochukua takriban nusu ya kila muhula. Si lazima mfike huko, lakini mradi mmoja mdogo kila mwaka, wenye kitu kinachotengenezwa na kuvunjwa, ni kiwango cha chini.

Mwalimu wa Sekondari

Kuhusu mzigo wa shule za sekondari, naomba nijibu kwa uangalifu, kwa sababu kila chuo kinapozidiwa hutazama chini. Hatuwezi kufundisha uhandisi, na hatupaswi. Tunachoweza kufundisha ni tabia ya kuanzia kwenye tatizo lenye masharti. Viwango vya sayansi vya shule vilivyotolewa Marekani mwaka 2013 vimeweka jambo hili vizuri: mwanasayansi huuliza swali na kutafuta maelezo, mhandisi hubainisha tatizo na kutafuta suluhisho, na mwanafunzi wa shule anatakiwa azoee yote mawili ndani ya somo lilelile la sayansi, bila kuongezewa somo jipya kwenye ratiba.

Mfano ninaoutumia ni wa fito moja ya mbao yenye upana wa milimita 30 na unene wa milimita 5, iliyolazwa juu ya vitegemeo viwili na kutundikiwa mzigo katikati. Wanafunzi wanapima inavyonepa ikiwa imelala bapa, kisha wanaisimamisha kwa ubavu wake mwembamba na kupima tena. Kwa nadharia, fito iliyosimama ni kakamavu mara 36 zaidi, kwa kuwa uwiano huo ni mraba wa 30 gawanya kwa 5. Wanachopata wao karibu kila mara ni pungufu ya hapo, kwa sababu fito iliyosimama inanepa kidogo mno kwa rula yao, vitegemeo navyo hubonyea, na fito yenyewe hupenda kupinduka ubavu. Kazi yenyewe ninayoisahihisha ni ukurasa mmoja wa kueleza kwa nini namba yao si 36. Wanaotafuta njia ya kuifanya iwe 36 hupata alama ndogo. Hakuna kalkulasi hapo, na hakuna kifaa cha bei kubwa, lakini aliyepitia kazi hiyo atakuja kwenu akijua kwamba hesabu na kitu chenyewe hupishana, na kwamba tofauti hiyo hutafutiwa sababu.

Katibu wa Kamati

Nawashukuru nyote. Nitapeleka jedwali kwenye kikao kijacho, pamoja na sharti la kila mmoja kuleta swali la mtihani, ingawa najua sitapendwa. Limebaki jambo moja la utekelezaji: tukikubaliana kuhamisha baadhi ya masomo ya mwaka wa tatu kwenda mwaka wa kwanza na wa pili, wanafunzi walio katikati tunawafanyaje?

Mpanga Mitaala

Wanamaliza kwa mtaala waliosajiliwa nao, na mpya unaanza na mwaka wa kwanza peke yake, ukipanda mwaka mmoja kila mwaka. Maana yake ni kwamba kwa miaka mitatu mtaendesha mitaala miwili sambamba, na masomo yaliyohamishwa yatafundishwa kwa makundi mawili tofauti katika sehemu ya kipindi hicho. Hesabuni mapema wahadhiri na nafasi za maabara, kwa sababu mipango mingi hukwama hapo, si kwenye falsafa. Andaeni pia jedwali la ulinganifu wa masomo kwa ajili ya anayerudia mwaka au aliyeahirisha, ambaye atarudi akute darasa lake limeingia kwenye mtaala asioujua. Jedwali hilo lipitishwe na seneti siku ileile mtaala unapopitishwa, maana likiachwa kwa baadaye kila kesi itaamuliwa mezani kwa mkuu wa idara, na mbili zinazofanana zitapata majibu tofauti.