Taa kwenye baridi kali: jenereta ya joto au sola?

Baharia_Mstaafu
Wakuu, salaam. Nafuatilia minara ya taa ya pwani ya kaskazini ya Urusi. Wasovieti waliweka huko jenereta za joto, siku hizi zimeng'olewa na sola imechukua nafasi. Murmansk jua halichomozi tangu mwanzoni mwa Desemba hadi karibu katikati ya Januari. Sola inawezaje kushinda mashine isiyohitaji jua?

FundiUmeme
Mkuu, jenereta hiyo upande mmoja una moto, wa pili una baridi, na umeme unapita. Mwanasayansi Seebeck aligundua jambo hilo mwaka 1821. Hakuna kinachozunguka, kwa hiyo hakuna oili ya kuganda, na baridi ya nje inaisaidia. Tatizo ni ufanisi: asilimia 5 hivi tu ya joto hugeuka umeme. Jenereta ya Wasovieti iliyoitwa Beta-M ilikuwa na joto la wati 230 hivi la strontiamu-90, yaani elementi yenye mionzi ya nyuklia, umeme ukatoka kama wati 10.

Wanaotaka kujaribu nyumbani, vile vigae vya sentimita 4 kwa 4 vya friji za gari, ambavyo navyo hutoa umeme kwa njia hiyohiyo, msiviweke juu ya jiko la moto. Vingi solda yake huyeyuka kwenye nyuzi 138.

Mama_Nuru
Ya nyuklia siiungi mkono kabisa. Desemba 2001, nchini Georgia, karibu na kijiji cha Lia, watu watatu waliofuata kuni waliona theluji imeyeyuka kuzunguka vyuma viwili vyenye moto. Wakalala navyo karibu wapate joto. Usiku huohuo wakaanza kutapika, na mmoja alifariki 2004. Vilikuwa viini vya jenereta za aina hii, vimetelekezwa. Mwaka 2003 huko Kola, eneo la Murmansk, wezi wa vyuma chakavu wakavunja za minara. Strontiamu huchukua miaka 29 hivi kupungua nusu tu. Nani atalinda ufukwe mtupu muda wote huo?

Sola_Iringa
Ndiyo maana Norway iligharimia kuzibadilisha kwa paneli na betri. Tupige hesabu. Wati 10 mfululizo kwa siku 40 ni uniti 9.6. Betri ya asidi ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, ina uniti 1.2, kwa hiyo zinahitajika nane, na kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri uwezo hushuka karibu nusu, weka 16. Lakini taa ya mnara humulika kwa vipindi. Ya LED ikiwaka sekunde moja kati ya kumi, betri mbili zinatosha.

FundiUmeme
Kwa mnara nakubali. Kwa kibanda cha watu bado natetea jenereta ya joto, ila ya gesi. Wati 10 za umeme zinadai wati 200 za joto. Siku 40 ni kama kilo 15 za gesi, mtungi mmoja. Joto linalobaki linalinda betri zisigande. Iwe propani tupu, maana butani haitoki kwenye mtungi chini ya sifuri. Wamarekani waliitumia kwenye vituo visivyo na watu Antaktika kabla ya kuhamia upepo na sola.

Baharia_Mstaafu
Shukrani sana. Sola_Iringa, paneli huko unaiinamisha vipi?

Sola_Iringa
Isimamishe wima, mkuu. Jua la huko linapita chini, theluji haikai juu yake, na ile iliyo ardhini inarudishia paneli mwanga.