Nimekumbatia mti dakika 40, yeye amekalia kopo. HUYU MTU MNAMJUA!

Sina_Saini:

Wakuu, naandika nikiwa bado ndani ya taksi, tupo Kajjansi, foleni haisogei, na shati langu lina utomvu kiasi kwamba kondakta ameniomba nisiegemee kiti. Hasira niliyonayo nikimeza mate nasikia moshi.

Jina sitaji. Mnamjua. Ni yule ambaye kopo jipya la jiokeshingi (mchezo wetu wa kutafuta kwa GPS kopo lililofichwa, ukilipata unasaini daftari lililomo) likitangazwa saa mbili, saa mbili na nusu ameshafika, ameshasaini, ameshakunywa na chai. Yule mwenye saini inayokula nusu ukurasa, utadhani gavana anasaini noti. Ndiyo, huyo huyo.

Jana jioni kumetangazwa kopo Entebbe, kule kwenye bustani ya mimea. Ugumu 2 juu ya 5. Hakuna aliyelifikia, daftari jeupe pee. Mimi nina miaka mitatu kwenye jiokeshingi, sijawahi kuwa wa kwanza hata siku moja. Kila ninapofika nakuta saini ya bwana mkubwa imeshakauka. Nikasema safari hii, hapana. Nimeamka saa kumi alfajiri. Nimemdanganya mke wangu kwamba naenda mazishi (sasa hivi ananiuliza kwa ujumbe marehemu ni nani, sijamjibu, nitawaza nikifika). Geti limefunguliwa, nimeingia mbio kama mwenye deni.

GPS inaniambia mita 3. Mita 3, wakuu! Mbele yangu kuna mti mmoja mkubwa, wa kuzungukwa na watu watano wakishikana mikono. Kidokezo kinasema: "Bibi amekaa, amenyoosha miguu." Nikasema bibi ndiye huyu, mti mkongwe. Nikauzunguka. Mshale wa simu ukageuka, mita 9. Nikarudi, mita 2. Nikaenda, mita 14. Mbega wapo juu wananitazama kama wamekata tiketi. Basi nikasema labda kuna tundu upande wa pili, mkono hautafika mpaka niukumbatie.

Nikaukumbatia.

Shavu kwenye gome, mikono imetanuliwa, napapasa. Sisi wenye mchezo tunaelewa, ila apitaye njia anaona mwanamume mzima anaaga mti. Na hapo ndipo nikasikia harufu ya mayai.

Nageuza shingo. Yupo. Amekaa hatua tano kutoka nilipo, juu ya mzizi, anakula rolex ya moto, mguu juu ya mguu. Amefika NYUMA yangu. Ameliona kopo kwa dakika nne. Amesaini. Halafu badala ya kwenda zake, amelikalia, ananitazama! Hakukohoa wala hakuuliza kitu. Rolex nzima ameimaliza, akakunja karatasi, akaiweka mfukoni (usafi anao, hilo nampa), ndipo akafungua kinywa:

"Shikamoo, mzee."

SHIKAMOO. Nina miaka 36! Huyu tumepishana mwaka mmoja, na aliye mkubwa ni yeye!

Mngedhani imeishia hapo. Nafungua programu nikiwa kwenye taksi nikute ameandika nini, nanukuu: "Rahisi. Dakika 4. Nimemwacha mzee mmoja amekumbatia mti, sikutaka kuwaingilia." KUWAINGILIA. Mimi na mti. Na watu 19 wamempa alama ya moyo, na humo nawaona wengine mnaosoma hapa. Amekaa juu ya kopo, wakuu. Nimekumbatia mti, yeye amekaa juu ya kopo. Kopo lilikuwa joto nilipolishika!

Nawasilisha.

KopoTupu:
Nimefika kwenye "nikaukumbatia" nikashindwa kuendelea. Picha tafadhali.

Dada_wa_Jinja:
Kidokezo kimesema MIGUU, wewe umemvamia bibi kifuani. Mizizi ndiyo miguu, ssebo. Aliyekukosea ni nani hapo?

Nnalongo_K:
Bustani ipo tangu 1898, imejaa miti, na yeye amempenda mmoja tu. Mwacheni, mwaminifu huyo. Na moyo wa 20 ni wangu, nimetoka kuuweka sasa hivi.

Mzee_wa_Ndoo:
Tuwekane sawa kidogo. Chini ya miti minene usiiamini simu. Mawimbi ya setilaiti yanagonga majani na matawi, ndiyo maana mshale unacheza. Uwanja mtupu simu inaweza kukosea mita 5, humo ndani hesabu mara mbili au tatu. Ukifika karibu, simu weka mfukoni, tumia macho. Tena mnadeka. Kabla ya tarehe 2 Mei 2000 Marekani ilikuwa inayavuruga mawimbi hayo makusudi kwa sisi raia, ungetafuta ndani ya mita 100. Kesho yake tu, tarehe 3, Dave Ulmer akaficha ndoo porini huko Oregon, ndani kuna vitabu, manati na kopo la maharage, na mchezo ukaanza. Hakuna aliyekumbatia kitu.

Sina_Saini:
Mzee wa Ndoo, sikuuliza historia! Nimesema AMEKALIA KOPO. Kwani kanuni zinaruhusu?

Mzee_wa_Ndoo:
Kanuni zinakataza kufukia kwa kuchimba, na kopo na kopo ziachane angalau mita 161. Makalio hayakutajwa.

KopoTupu:
😂😂😂 Uzi ufungwe.

Mtoto_wa_Arua:
Umetaja maharage umenitonesha. Chakula hakiwekwi kwenye kopo, hilo hata mtoto anajua, wanyama wananusa. Sasa kuna mwingine (na huyu pia mnamjua) alichukua mpira mdogo niliouweka mimi, akaacha karanga za kukaanga. Kanuni ni ukichukua kitu, uache chenye thamani hiyo au zaidi. Karanga! Nilipokwenda kukagua, kifuniko kipo juu ya mti, daftari limetafunwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Aliyefika wa kwanza pale ni tumbili, na saini yake ni ya meno.

Dada_wa_Jinja:
Tumbili angalau hakuandika "mzee mmoja".

Boi_Bombo:
Nyie mnalia na karanga na shikamoo, mimi nimeitwa mchawi. Niliweka kopo langu mahali (sipasemi) chini ya jiwe, kando ya njia ya kwenda kisimani. Mama mmoja akaliona. Hebu lifikirieni kama msiyejua mchezo: kopo limefichwa chini ya jiwe, ndani kuna sarafu ya kigeni, mwanasesere asiye na mguu, kalamu, na kijitabu kina MAJINA YA WATU na tarehe. Banange! Jioni hiyo hiyo mchungaji ameshakuja na mafuta, shehe ameshakuja na maji, na mwenyekiti wa LC1 (baraza la kijiji) anasoma majina kwa sauti mbele ya umati, mmoja mmoja, waulizwe kama bado wako hai. Nikasimama nikasema ni mchezo. Wakaniuliza anayeshinda anapata nini. Nikasema hapati kitu. Hapo ndipo waliposadiki ni uchawi.

Nnalongo_K:
Nimecheka hadi mtoto ameamka. Jina langu lilisomwa?

Boi_Bombo:
Lilisomwa la pili. Ukipita huku usijitambulishe.

Mpwani_Asili:
Samahani, natokea Tanga, nimepita tu. Huyo bwana amekulaje Rolex? Si saa ya mkononi? Wazee walisema Kiswahili kilizaliwa Zanzibar, kikaugua Kenya, kikafa Uganda. Leo naona mnakula saa.

Mtoto_wa_Arua:
Mwaka 2022 baraza la mawaziri lilikipitisha kiwe lugha rasmi hapa, kwa hiyo marehemu kafufuka. Rudi na sanda yako. Rolex ni chapati imeviringishwa na mayai, nyanya, kitunguu na kabichi, inauzwa pembeni ya barabara. Ukila moja utaandika kwa Kiswahili chetu.

Mpwani_Asili:
Kabichi ndani ya chapati? Mungu awasaidie.

KopoTupu:
Bila kabichi siyo rolex, ni chapati mayai tu.

Nnalongo_K:
Kabichi ni ya wabana matumizi, wanajazia wasiongeze yai. Hapo Wandegeya nilikuwa napata mayai mawili kwa bei ambayo sasa nauziwa moja, na hilo moja analitaga kuku mgonjwa.

Sina_Saini:
Wakuu, tumetoka kwenye mada. Nimesimama Zana sasa. Nataka tukubaliane kwamba mtu akikalia kopo huku mwenzake anatafuta

Mzee_wa_Ndoo:
Yai moja au mawili, kitunguu kikatwe kidogo kidogo. Mimi hiyo tu.

Dada_wa_Jinja:
Boi wa Bombo, na lile kopo liliishia wapi? Nilikuwa nimepanga kulifuata Jumapili.

Boi_Bombo:
Analo mwenyekiti. Alilichukua kama kielelezo.

Dada_wa_Jinja:
Hadi leo?

Boi_Bombo:
Hadi leo. Mke wake anawekea chumvi. Kalamu ndiyo anayosainia barua zetu za utambulisho.