Kundi la Familia ya Bibi Kabula: Neema abaki chumba cha wadogo?

*Baba Neema:* Mwangaluka wanafamilia. Mama shikamoo. Nimetoka kumpeleka Neema kwenye kituo cha kulelea watoto hapa Mkuyuni, nimekuta tangazo mlangoni. Kuanzia Jumatatu waliotimiza miaka 3 wanahamia chumba cha mbele, wengine wanabaki cha nyuma. Kwa hiyo Kulwa na Doto wanahama, Neema anabaki. Wamepishana miezi miwili tu jamani!

*Bibi Kabula:* Marahaba baba. Hao watoto wanakula sahani moja tangu wajue kula. Wanatenganishwa kwa kosa gani?

*Mama Kulwa:* Shemeji hata mimi nimeliona. Halafu Doto wangu bado anavaa pampasi, ndiye anapelekwa kwa wakubwa. Neema anaomba poti mwenyewe, anaachwa. Wameangalia nini?

*Baba Neema:* Kadi ya kliniki. Tarehe ya kuzaliwa, basi.

*Baba Neema:* Mimi naona wangewachanganya wote tu. Shule za Montessori si zinachanganya umri na watoto wanafanya vizuri? Dada wa Nyegezi uko wapi, hii kazi yako

*Bibi Kabula (sauti):* Mimi niliwalea nyinyi saba. Mkubwa anambeba mdogo mgongoni, huyu anamlisha yule, mimi niko shamba. Nani alikuwa na chumba cha mbele na cha nyuma? Na mmekua.

*Shangazi Nyegezi:* Shikamoo mama. Nilikuwa darasani, ndio mapumziko sasa. Nianze na Montessori. Kuchanganya wanachanganya kweli, ni utaratibu wa tangu Maria Montessori afungue nyumba yake ya kwanza ya watoto kule Roma mwaka 1907. Lakini kaka, kundi linalochanganywa ni la miaka 3 hadi 6. Walio chini ya hapo wana kundi lao. Hata huko humkuti wa mwaka na nusu katikati ya wa miaka mitano.

*Shangazi Nyegezi:* Mimi na wewe tumepishana miaka miwili na hakuna anayejua. Kwa hawa, mwaka mmoja ni nusu ya maisha yao. Wa mwaka na nusu anakimbia akipepesuka, maneno hana, akikasirika anauma mwenzake maana ndio njia aliyo nayo. Wa miaka mitatu anaruka, anaeleza ugomvi ulivyoanza, anataka shanga na mbegu za kuhesabia. Na hizo mbegu ndizo zinanikosesha usingizi.

*Mama Kulwa:* Mbegu kivipi wifi?

*Shangazi Nyegezi:* Kuna siku mtoto mdogo aliachwa pamoja na watoto wakubwa kwa muda kidogo tu, wanahesabu punje za mahindi. Hakulia wala hakukohoa. Baadaye tukaona tundu moja tu la pua linatoa kamasi nzito yenye harufu, la pili kavu kabisa. Alikuwa ameisukuma punje ndani, na hindi likilowa linavimba. Daktari ndiye aliyeitoa. Tukashukuru ilikwenda puani, ingekwenda kwenye koo la hewa tungekuwa tunaongea mengine.

*Baba Neema:* Mungu wangu. Sasa nimeelewa kwa nini wadogo wawe peke yao.

*Shangazi Nyegezi:* Na mama, ulivyosema ni kweli kabisa. Ila nyumbani ulikuwa na mdogo mmoja kwa wakati, na wakubwa wanne wa kumtazama. Kituoni wadogo wako kumi na wawili, wote wanataka kubebwa saa ileile. Ukiwachanganya siku nzima, wa miaka minne anageuka yaya. Naye bado ni mtoto, anatakiwa kucheza.

*Bibi Kabula:* Hapo sawa. Lakini Neema bado hujamsemea.

*Shangazi Leicester:* Shikamoo mama. Huku ndio kumekucha, nimesoma yote. Mimi ningeuliza kitu kingine kwanza: kila chumba kina walezi wangapi? Sheria ya hapa England inagawa umri kwa kuangalia mikono ya watu wazima. Chini ya miaka 2, mlezi mmoja kwa watoto 3. Wa miaka 2, mmoja kwa 5, na hadi Septemba 2023 ilikuwa mmoja kwa 4. Wakifika 3 ni mmoja kwa 8, na akiwepo mwalimu mwenye shahada hata 13. Mtoto akipanda chumba, mikono inapungua.

*Baba Neema:* Aisee. Cha nyuma kuna dada wawili. Cha mbele yupo mwalimu mmoja.

*Mama Kulwa:* Mmoja?? Na Doto atabadilishwa na nani? Akiwa amelowa hasemi, anakwenda kusimama nyuma ya mlango mpaka mtu amwone

*Shangazi Nyegezi:* Ndiyo maana nasema tarehe ni mahali pa kuanzia tu. Mlezi mzuri anatazama pia: anaomba choo? Anaeleza anachotaka? Ameacha kutia vitu mdomoni? Bado anahitaji kulala mchana? Neema ana mengi ya hayo, Doto bado, na hakuna ubaya wowote kwa Doto. Mapacha hawaivi siku moja.

*Mama Kulwa:* Kulwa yuko tayari, huko nyuma anachoka, anavuruga michezo ya wenzake. Naona Kulwa aende. Doto abaki na Neema, waende pamoja Neema akifikisha 3.

*Bibi Kabula:* Kulwa bila Doto? Hapana mama.

*Mama Kulwa:* Mama, najua. Lakini wataonana kila siku uwanjani baada ya uji, pale kwenye kivuli cha mawe. Kituo chote kinatoka pamoja saa nne.

*Shangazi Nyegezi:* Hiyo saa ya uwanjani msikubali ifutwe. Wadogo wanajifunza sana kwa wakubwa, ilimradi mlezi yupo na hakuna vitu vidogo chini. Kaka, omba pia Neema na Doto wawe wanaingia chumba cha mbele nusu saa, siku mbili tatu kwa wiki, ili siku ya kuhama kusiwe na kilio.

*Mama Kulwa:* Wakikataa twende ustawi wa jamii?

*Shangazi Nyegezi:* Vituo hivi viko chini yao, ndiyo. Lakini anza na mkuu wa kituo wifi, mama wa watu ni msikivu.

*Baba Neema:* Nimempigia. Kwa Kulwa kwenda na Doto kubaki amekubali. Hizo nusu saa anasema tukaongee Ijumaa saa tatu, twende na kadi zote tatu za kliniki. Na nimemuuliza habari ya mwalimu mmoja, anasema anatafuta msaidizi.

*Bibi Kabula:* Anatafuta tangu lini? Ijumaa natoka Magu na gari la asubuhi. Mnisubiri, nataka kumuuliza mwenyewe.

*Mama Kulwa:* Karibu mama. Tutakusubiri stendi.