Rookery Nook (1930): mbona kamera imeganda na kimya kimetanda?

Mtazamaji: Habari zenu wakuu. Jana usiku nimeangalia Rookery Nook, ile komedi ya Uingereza ya mwaka 1930, nikaiacha nusu. Kamera imeganda kama imepigiliwa misumari sakafuni. Watu wanaingia mlango huu, wanatokea mlango ule. Hakuna muziki, na mtu akitoa neno la kuchekesha kimya kinatanda. Ni uzembe, au kuna jambo sijalielewa? Anayeijua anieleze kabla sijaifuta.

FundiSauti: Kuhusu kamera, si uzembe. Filamu zenye sauti ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza Uingereza. Kamera za wakati ule zilinguruma, kwa hiyo mara nyingi zilifungiwa pamoja na mpiga picha ndani ya kibanda kisichopitisha sauti, akipiga picha kupitia kioo. Kibanda kama hicho hukikimbizi huku na huku. Mwigizaji naye akienda mbali na maikrofoni, sauti yake inapotea.

BwanaJukwaa: Mkuu, tafadhali usiifute. Nimecheza vichekesho vya jukwaani miaka kumi na moja, na kimya hicho nakifahamu vizuri.

Kuna mchezo tuliucheza mara arobaini hivi mbele ya watu, kisha tukaambiwa tuurekodi kwenye chumba kitupu. Palikuwa na mahali nadondosha sinia, nageuka taratibu, namtazama mama mkwe. Kila usiku ukumbi ulipasuka. Nami nilijua kungoja mpaka kicheko kianze kushuka, ndipo niseme neno linalofuata. Ukiwahi, neno linazama. Ukingoja kiishe kabisa, moto umeshazimika. Siku ya kurekodi sinia likaanguka, nikageuka, nikasikia pumzi zangu tu. Sikujua ningoje muda gani.

Sasa wafikirie waigizaji wa Rookery Nook. Filamu yao imetokana na mchezo wa jukwaani wa Ben Travers, ulioanza mwaka 1926 katika ukumbi wa Aldwych, London, ukachezwa mara 409. Ralph Lynn, Tom Walls, Robertson Hare, Mary Brough na Winifred Shotter walikuwamo jukwaani, na haohao ndio walioingia studio. Walls ndiye aliyeongoza filamu. Mara 409! Kicheko cha watu kilikuwa sehemu ya mchezo wao kama ngoma kwa mwimbaji. Halafu studio hata kukohoa hakuna ruhusa, maana maikrofoni inanasa kila kitu. Ikawabidi wakisie.

Rudi pale Gerald, anayechezwa na Lynn, anapokuwa peke yake usiku katika nyumba ya kupanga karibu na bahari, mara anaingia msichana Rhoda na pajama, amefukuzwa na baba yake wa kambo. Mke wa Gerald yuko njiani. Mwangalie Lynn na ile miwani yake ya jicho moja: sentensi anaianza, anaiacha hewani, uso ndio unaimalizia. Kamera ingekuwa inazungukazunguka, tungeyakosa hayo. Mimi naipenda hiyo kamera iliyoganda, kwa sababu inanipa kiti katika ukumbi ambao nisingeweza kuufikia.

Na usiangalie peke yako. Tafuta watu.

FundiSauti: Mary Brough pia usimpite. Yule mama wa kazi akisimama tu mlangoni, unajua ameshaona kila kitu.

Mtazamaji: Ahsanteni sana. Nimeirudia jana na wadogo zangu wanne. Mwanzo walikuwa wametulia. Alipotokea yule bwana mwenye upara, Hare, anayemwogopa mkewe, mdogo wetu wa mwisho akaanza kucheka, sote tukafuata. Sentensi mbili zilizofuata hatukuzisikia kabisa. Ikabidi turudishe nyuma.

BwanaJukwaa: Hapo ndipo Lynn na wenzake walipokuwa wakingoja, mkuu.