Mjadala: Ukuta mweupe wa Newgrange, ubaki au ubomolewe?

Mtoa mada: Wadau, nawasalimu. Kuna jambo linanikera kila nionapo picha za Newgrange, lile kaburi la kale lililofunikwa na kilima cha kujengwa, kwenye bonde la mto Boyne, Ayalandi. Lilijengwa takriban mwaka 3200 KK, limezitangulia piramidi za Giza kwa karne kadhaa. Mbele yake pana ukuta wa mawe meupe ya kwatzi, umesimama wima, unang'aa kama nyumba iliyopakwa chokaa kungojea Idi. Basi ukuta huo umri wake hauzidi wa wazazi wetu.

Profesa Michael J. O'Kelly alichimba pale kuanzia 1962 hadi 1975. Mawe meupe aliyakuta chini, yametapakaa mbele ya mlango. Akaona ni ukuta ulioporomoka, akausimamisha upya na kuuegemeza kwenye zege. Jirani tu, kwenye kaburi jingine la Knowth, mchimbaji mwenzake George Eogan alikuta mawe ya namna hiyohiyo, akaona ni sakafu iliyotandazwa nje, akayaacha chini. Mtalii akizunguka siku moja anaonyeshwa majibu mawili ya swali moja, na kila jibu limeshajengwa!

Mimi nasema gofu liachwe gofu. Duara la mawe la kale la Drombeg, kule Cork, Ayalandi hukohuko, lina mapengo, na jua la siku fupi kuliko zote, mwezi Desemba, bado linatua kwenye mstari unaolengwa na mawe yake.

Mwalimu Mstaafu: Mtoa mada, unamwonea marehemu. O'Kelly hakukurupuka. Walijenga ukuta wa majaribio wakauangusha, mawe yakalala kama yale waliyoyachimba. Tena tarehe 21 Desemba 1967 ni yeye aliyekaa ndani gizani akaliona jua likipenya tundu la juu ya mlango mpaka chumbani. Leo wanaotaka kuliona asubuhi hiyo huchaguliwa kwa bahati nasibu.

Fundi Mwashi: Mwalimu, shikamoo. Mwanga hauna ugomvi, kesi ni ukuta. Mawe makavu yaliyobeba kilima mgongoni, ukiyasimamisha wima namna ile bila zege, masika hayaishi yameshalala. Hao wazee walijua kazi. Wangeulaza kidogo.

Mwalimu Mstaafu: Marahaba. Kwa hiyo tubomoe?

Fundi Mwashi: Hapana! Ukitoa zege, kilima kinakufuata.

Mtoa mada: Hapo fundi amenibana, narudi nyuma nusu hatua. Ubaki, ila mgeni aambiwe. Zile kuta nyeusi zilizoingia ndani, pande mbili za mlango, hazikuwapo kabisa. Ziliwekwa ili watalii wapate njia ya kupita. Ningekuwa mwongozaji wa pale, ningeanza na hizo, kabla hatujainama kuingia.